Namba Iliyokwenda kwa Kinyozi

Mhasibu wa hospitali hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomvunja Chiriku nguvu. Mtu mbaya unaweza kugombana naye. Huyu alimkaribisha kiti, akamwita dada, akamgeuzia kioo cha kompyuta ili na yeye aone, kisha akasema kwa upole, "Bila malipo ya awali, chumba cha upasuaji hawanifungulii hata mimi."

Mumewe Chiriku alikuwa mpaka rangi. Jukwaa la mbao lilimwachia akiwa juu ya ukuta wa ghorofa, akaangukia mguu, mfupa wa paja ukavunjika na kutoboa ngozi. Mwenye kazi alimfikisha hospitali, akalipia kitanda na sindano, kisha akazima simu. Madaktari walisafisha kidonda, wakauning'iniza mguu kwa uzito, wakasema lazima uwekwe vyuma upesi kabla kidonda hakijaharibika. Bima hawakuwa nayo. Ndugu ndio kabisa. Katika nchi ile ya watu walikuwa wawili tu, yeye na huyo aliyelazwa.

Kilichomkereketa zaidi ni kwamba pesa alikuwa nazo. Huko nyumbani, benki, zilikuwa zimelala pesa za kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, akakiuza kabla hawajasafiri, na zingetosha mguu ule na chenji ikabaki. Walikuwa wameapa kutozigusa mpaka warudi wajenge. Siku za unyonge alikuwa akizichungulia kwenye simu, kama mama anayechungulia mtoto aliyelala. Kisha simu ile ikatumbukia kwenye beseni la maji ya sabuni, pale dobini alipokuwa akipiga pasi, ikafa. Simu mpya, kila alipojaribu kuingia benki, ilimjibu kitu kimoja: tumetuma namba ya siri kwenye laini yako. Laini yenyewe ndiyo ile ya nyumbani, ambayo hakuwa ameitia vocha tangu aondoke, na kampuni ilishamnyang'anya.

Akapiga simu benki. Muziki ulilia mpaka akaukariri, halafu akapokea binti mwenye sauti ya asali.

"Kubadilisha namba ya simu, tafadhali fika tawi lililo karibu nawe, uje na kitambulisho."

"Mwanangu, hilo la karibu nami ni la kupanda ndege."

"Basi mpe mtu mamlaka kwa barua, ithibitishwe na ubalozi."

Ubalozini mlinzi alimwonyesha tangazo getini: miadi huombwa mtandaoni. Mtandaoni nafasi ya kwanza ilikuwa mwezi ujao. Mwezi ujao! Mguu gani unaosubiri mwezi? Mwenye dobi alimtangulizia sehemu ya mshahara, wenzake wakamchangia walichokuwa nacho, na vyote vikaishia kwenye dawa.

Siku moja, akipiga pasi mashuka ya hoteli, wazo likamjia. Benki inasema imetuma. Kama imetuma, basi kuna mahali ujumbe unafika. Laini zilizofungwa si huuzwa upya? Akaacha pasi, akatoka uani kwenye kamba za kuanikia, akapiga namba yake mwenyewe. Ikaita.

"Kinyozi hapa, sema bosi!" Ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake mashine ya kunyolea ikivuma.

"Kaka yangu, shikamoo, samahani. Hiyo laini ilikuwa yangu. Niko nje ya nchi, mume wangu amelazwa. Kuna namba za benki zitaingia hapo sasa hivi, naomba unisomee tu."

Mashine ikazimwa. "Dada, ndiyo kwanza tunasalimiana, ushaanza kuniomba namba za siri? Mwaka jana mwenzako alinipigia hivihivi, akaondoka na hela yote ya mashine mpya."

"Wallahi mimi si tapeli! Mume wangu anapoteza mguu!" Na machozi yakamtoka, hapo hapo kati ya mashuka.

"Hata yule alilia," Kinyozi akasema, si kwa ukali, akakata. Alipopiga tena hakumpata. Namba yake ilishafungiwa.

Kesho yake aliposogea kitandani kwa mumewe alisikia harufu, na hakuna aliyehitaji kumweleza ni ya nini. Daktari wa mifupa alimvuta kando koridoni. "Mama, nikichelewa zaidi, sitakuwa naongelea vyuma tena. Nitakuwa naongelea kukata." Mumewe alikuwa amesikia, maana pazia halizuii sauti.

"Wakate," alisema, midomo imemkauka kwa homa. "Nitapaka rangi nimekaa. Kuta zina chini pia."

Chiriku alicheka, na kicheko kikageuka kwikwi, akatoka mbio mpaka kwenye ngazi za nje. Hapo ndipo alipompigia shangazi yake, mama aliyemlea na ndiye aliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi. Siku zote hizo alikuwa amemficha. Kwa nini amtie mtu mzima presha, naye hana cha kumsaidia? Lakini sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamwaga yote: jukwaa, mguu, benki, laini, kinyozi.

Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Kinyozi? Si yule mwanangu wa kwenye simu?"

"Mwanao yupi tena?"

"Wewe ulinipa namba mpya, kichwa changu kikaikataa. Nikitaka kukupigia vidole vinakwenda kwenye ile ya zamani. Siku ya kwanza nilimtukana, nikidhani ni mwizi kakuibia simu. Tangu hapo tunaongea. Ananiuliza hali ya magoti yangu, tofauti na watu wengine."

"Shangazi! Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini, kwamba nimepata rafiki kwa kukosea namba? Kaa hapo hapo. Na usilie, utamaliza chaji."

Haukupita muda simu ikaita.

"Dada, shangazi yako amenisema mpaka wateja wamesikia," alisema Kinyozi. "Ila kasema nikuulize kwanza. Kovu la kidevuni ulilipata wapi?"

"Kwenye cherehani yake. Niliipanda nimsimulie habari za shuleni, ikaniangusha."

Kinyozi akashusha pumzi. "Haya. Waambie benki watume."

Akamsomea tarakimu moja moja, polepole, kama anayemvusha mtoto barabara. Benki ikafunguka. Pesa zilikuwepo, zote. Chiriku akabusu kioo cha simu mbele ya watu.

Furaha haikumaliza hata ngazi moja. Kutuma nje ya nchi, benki ilitaka fomu iliyosainiwa tawini. Kilichoruhusiwa ni kutuma kwenye laini ya nyumbani, kisha aliye nyumbani aende kwa wakala akazitume nje. Laini ya shangazi ilikuwa ya kupigia tu, hakuwahi kuisajili kupokea pesa. Akabaki mtu mmoja. Mtu ambaye hajawahi kumwona hata picha.

Akamweleza Kinyozi, ambaye bado alikuwa kwenye simu. Akaelewa mara moja. "Dada, ukiniogopa, sitakulaumu. Mimi nilikuogopa jana."

"Nakuogopa," Chiriku akasema. "Lakini natuma."

Akapiga moyo konde, akabonyeza. Kiwanja cha mama yake kikaondoka kwa kidole kimoja.

"Zimeingia," Kinyozi akasema, sauti imembadilika. "Mungu wangu. Zimeingia." Kisha simu ikakatika.

Alipopiga tena, akajibiwa mteja hapatikani. Akapiga, hapatikani. Shangazi naye akajaribu, hapatikani. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja wa hospitali kwenda mwingine, Chiriku akiwa amekaa kwenye ngazi na simu mapajani. Alijiona mjinga aliyetukuka: amempa mtu asiyemjua kila alichokuwa nacho duniani, tena kwa kumbembeleza. Atamwambia nini mumewe? Kwamba mguu umekwenda, na nyumba nayo? Ofisini mhasibu alikuwa ameanza kufunga droo. Chiriku akaingia, akashika ukingo wa meza, akamsihi asiondoke. Mhasibu akamtazama, akakaa tena, koti lake mkononi.

Simu ikaita, namba ngeni.

"Dada, samahani, chaji iliniishia, yangu iko kwenye umeme, hii ni simu ya wakala!" Kinyozi alikuwa anahema. "Mawakala wote wa mtaani kwetu wamenikatalia, wanasema kiasi ni kikubwa. Nimefunga saluni nikavuka mji mzima. Hapa nimehojiwa kama jambazi. Una kalamu?"

Hakuwa na kalamu. Mhasibu akamsukumia yake.

Namba ya kuchukulia pesa aliiandika kiganjani, akakimbia mpaka kwa wakala wa kona ya hospitali, ambaye tayari alikuwa ameteremsha mlango nusu. Aliinama akapita chini yake. Mhasibu alipokea malipo akiwa amesimama, akagonga muhuri, akapiga simu ghorofa ya juu. Asubuhi mumewe akapelekwa chumba cha upasuaji.

Alikaa humo muda ambao Chiriku hakuweza kuupima. Daktari alitoka akivua glavu. Mguu umebaki, alisema. Nyama nyingi imebidi iondolewe, na goti halitakunjika kama zamani; ngazi ndefu za rangi asahau. Lakini mguu umebaki.

Chiriku alimpigia shangazi, akaongea maneno mawili akashindwa. Shangazi akasema atamalizia yeye, kwa Kinyozi na kwa Mungu. Kinyozi, alipoulizwa ashukuriwe vipi, aliomba arudishiwe nauli na hasara ya siku aliyofunga saluni, si zaidi, naye akatumiwa siku hiyo hiyo.

Mumewe alizinduka mchana, macho mazito, mkono ukipapasa shuka kuelekea chini.

"Upo?" akauliza.

"Upo. Usiushike."

Akaitikia kwa kichwa, akasinzia tena. Chiriku akavuta kiti karibu na kitanda, akaegemeza kichwa kwenye godoro karibu na bega lake, akalala usingizi mzito, mpaka mfanya usafi akamgusa, akamwomba ainue miguu apitishe fagio.