Aya ya Mwisho

Miaka sita Getruda Mwashambwa aliwapelekea wahariri wa gazeti huko Dar es Salaam habari za Tunduma, na miaka sita walizibana ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la magodoro. Lori limeanguka, foleni ya malori, lori limeanguka tena. Basi siku alipopata habari ya maana, moyo ulitangulia kichwa, na ndio uliomponza.

Habari alipewa na Enoka Simbeye, mtunza ghala wa chama cha wakulima huko Msangano. Wakulima wanaambiwa mbolea ya ruzuku imekwisha, mzee yule alisema, kumbe viongozi wa chama wanaivusha mpaka na kuiuza Zambia. Magari yakipakia ameyaona kwa macho yake.

"Lakini jina langu lisionekane, mwanangu. Wale ni jirani zangu, tunachota maji kisima kimoja."

"Halitaonekana, baba. Ahadi ni deni."

Wala hakuwa anamdanganya. Ila Wilbard, mhariri wa habari, hapokei habari isiyo na chanzo; lazima ajue nani kasema. Kwa hiyo Getruda akaliandika jina kwenye aya ya pili, kisha chini kabisa, baada ya kila kitu, akaongeza: "Mhariri, tafadhali usitaje jina la chanzo." Akatuma, akashusha pumzi.

Ebo! Kwa nini chini? Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba habari ya gazeti huandikwa zito juu, jepesi chini, maana nafasi ikibana mhariri hukata kuanzia mkiani, na anachokikata hakisomi. Getruda mwenyewe alikuwa akiwaimbia hayo waandishi wapya. Jioni ile likaingia tangazo la nusu ukurasa, na Wilbard akakata.

Gazeti lilifika Tunduma kwa basi. Getruda alilipokea stendi, akaona jina lake ukurasa wa mbele, akacheka peke yake kama mwehu. Macho yakashuka mpaka aya ya pili. Jina la Enoka lilikuwa pale pale. Akakaa juu ya gunia la mtu.

"Ombi la namna ile unaliwekaje mkiani, dada?" Wilbard alimfokea kwenye simu. "Ningelionaje? Haya, usilie. Tutatoa masahihisho, tutaomba radhi."

Simu ya Enoka iliita siku nzima. Aliyekuja kuipokea ni mkewe, Sekela.

"Wamemnyang'anya funguo za ghala. Kihenge chetu wamekichoma, na mahindi yote ndani. Kisimani nikifika, wenzangu wanabeba ndoo zao wanaondoka. Na wewe ulimwita baba!" Akakata simu.

Aibu ilimjaa Getruda. Akayasubiri yale masahihisho kama mgonjwa anayesubiri dawa, maana hakuwa na kingine cha kumpelekea yule mzee.

Yalitoka siku ya tatu, ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku cheusi:

"Gazeti linamwomba radhi Bw. Enoka Simbeye, mtunza ghala, mkazi wa Msangano, kwa kumtaja kuwa ndiye aliyetuambia habari za mbolea. Bw. Simbeye alikuwa ameomba jina lake lisichapishwe."

Aliyekuwa hajalisoma lile gazeti la kwanza, sasa alisoma hili. Getruda alilipitia mpaka nukta ya mwisho. Mara hii Wilbard hakukata hata neno moja.