Ubao Ulioikataa Prosesa

Kila kazi, fundi wa kompyuta waliyemwita Bisibisi aliianza kwa swali moja: "Nani aliigusa mara ya mwisho?" Swali hilo lilimsaidia kujua tatizo lilikoanzia. Siku ile nyumbani kwa dada yake, lilimsaidia kujificha.

Dada yake alihariri video za harusi, na kompyuta yake ilikuwa ikijikongoja. Bisibisi akamletea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye kasi zaidi. Hakuiwasha mashine kwanza, aliona anaijua. Akaitoa prosesa ya zamani, akalinganisha pembetatu ya kwenye kona na alama ya soketi, na ile mpya ikakaa kama chanda na pete. Akawasha. Feni zikazunguka, kioo kikabaki giza.

Akauliza swali lake.

"Ni mimi, mwanangu," akajibu mama yao, aliyekuwa akikunja nguo kitandani. "Asubuhi niliipangusa vumbi. Kitambaa kilikuwa na maji kidogo."

"Basi ndiyo hayo. Maji yameingia kwenye ubao mama," akasema Bisibisi. Huo ndio ubao unaobeba vipande vyote. "Umekufa."

"Mama jamani!" dada akalia. "Nimesema mara ngapi usiguse?"

Mama akabeba nguo zake, akatoka.

Kesho yake mchana, Bisibisi alimsimulia fundi mwenzake kule karakanani. Mwenzake akacheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu.

"Kuingia kwenye soketi si hoja, bwana! Ubao ule ni wa zamani kuliko prosesa yako, hauitambui. Uliupa kwanza programu mpya ya kuitambua, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani?"

"Sikuupa."

"Mgeni hajabisha hodi, unamlaumu mwenye nyumba hafungui!"

Bisibisi naye akacheka. Jioni alimpigia mama simu. Alimuuliza hali, akamuuliza mgongo, akamtakia usiku mwema. Lile neno halikutoka.

Asubuhi akarudi kwa dada yake na prosesa ya zamani. Aliipachika, akaupa ubao programu mpya, akangoja bila kugusa kitu hadi ikamalizika, kisha akaweka ile mpya. Kioo kikawaka.

"Kaka'angu, mikono yako ina dawa!" dada akashangilia. "Mama, njoo uone, ubao umepona! Ila kitambaa chako kiishie jikoni."

Mama alisimama nje ya kizingiti. "Sitagusa tena," akasema, na akajaribu kutabasamu.

Bisibisi alikuwa ameshafunga begi lake. Angeweza kuaga. Akaliweka chini.

"Hukuharibu kitu, mama. Niliharibu mimi. Prosesa niliipachika kabla ya wakati wake. Maji hayakuingia popote."

Dada akageuka, mdomo wazi. Mama hakusogea.

"Ulijua lini?"

"Jana mchana."

"Na jioni ukanipigia."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniuliza mgongo."

Bisibisi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Mama aliingia chumbani, akampita, akavuta kiti mpaka mbele ya kioo, akakaa karibu na binti yake.

"Haya, nionyeshe hao maharusi," akamwambia.