Kiti cha Mzazi

Mwonyeshe Mkenya kiti kitupu, hata kiwe cha saluni, naye atakuundia kamati ya kampeni kabla hujakikalia. Shule ya Silicon Oasis, huko Uarabuni, anakosoma binti wa Peninah ilipotangaza kwamba kiti cha mzazi katika bodi kitapigiwa kura Alhamisi, wazazi wengine waliotaka kugombea walijaza fomu, wakaandika mistari mitatu ya kujinadi, wakarudi kazini kwao. Peninah alifungua kundi la WhatsApp. Akaliita Timu Peninah, akawaingiza Wakenya kumi na mmoja na Mganda mmoja, akawagawia nani akamshawishi nani pale getini.

Lakini usimcheke sana. Septemba, joto likiwa bado la kuchemsha chai, Daisy wake wa miaka saba alisinzia kwenye basi la shule. Wenzake wakashuka, dereva akafunga mlango akaenda zake. Mfanyakazi wa usafi ndiye aliyemwona kupitia kioo, akapiga kelele hadi basi likafunguliwa. Mtoto alifika darasani amelowa jasho mpaka soksi, na mwalimu akamwekea alama ya kuchelewa. Peninah alipolalamika, shule ilimjibu kwa barua fupi kwamba kumbukumbu zinaonyesha wanafunzi wote walishuka salama. Alipomtafuta yule wa usafi, aliambiwa amehamishiwa kwingine. Hapo ndipo alipoapa kuingia kwenye bodi hiyo, aulize swali lake akiwa amekaa mezani nao, si akiwa amesimama kaunta na tiketi ya foleni mkononi.

Aliyekuwa akikalia kiti hicho ni Madam Saleha, mama mtu mzima wa abaya nyeusi na mkoba wa bei, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Lamees, mwanafunzi wa darasa moja na Daisy. Kwenye mikutano alizungumza Kiarabu na wenye Kiarabu, Kiingereza na waliobaki, na kila mtu alimpisha mlangoni. Kwa Peninah huyo alikuwa Mwarabu kama Waarabu wengine, na kwao Peninah huwezi kuomba kura bila kumchapa mpinzani kidogo. Hivyo ndivyo siasa inavyofanywa, na hakuna anayeipeleka moyoni baada ya matokeo.

Jumanne, wakati wa mapumziko ya mchana, alitoka kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi ya mapokezi kule Jumeirah Lake Towers, akasimama kwenye ngazi, akarekodi sauti ya dakika mbili. Alirekodi kwa raha zake, mkono mmoja hewani kama yuko juu ya jukwaa.

"Jameni, huyo Madam Saleha msimpee kura. Amekalia kiti miaka minne, amefanya nini? Hizo basi ni za bwanake! Ndio maana hawezi uliza nani alimwacha Daisy wangu akipikwa kwa joto. Watu wanakula huku, wanakula kule, na sasa ananunua kura na tende. Huyo anaweza uza roho ya mtoto!"

Akatuma, akatia simu kwenye droo kama sheria ya kliniki inavyotaka, akaendelea kupokea wagonjwa. Alipoifungua tena saa kumi, Terry, rafiki yake na mkuu wa kampeni, alikuwa amempigia mara kumi na nne.

"Peninah, futa! Hukutuma kwetu. Umetuma kwa group ya darasa!"

Aliangalia. Kweli, sauti yake ilikuwa imekaa pale katikati, baina ya tangazo la siku ya michezo na picha ya chupa ya maji iliyopotea. Aliifuta. Watu ishirini na sita walikuwa wameshaisikiliza.

"Lakini tulia," Terry akasema. "Hao ni Wahindi, Wafilipino na Waarabu. Nani huko anajua Kiswahili?"

Peninah alikuwa bado anashusha pumzi wakati ujumbe ulipoingia, kutoka namba ya Madam Saleha. "Assalaam alaykum, Peninah. Nimekusikiliza hadi mwisho. Kesho saa nne nitakuwepo kwenye mkahawa wa shule. Njoo mwanangu, tafadhali usikose."

Akakaa chini nyuma ya kaunta ambapo wagonjwa hawamwoni. Kiswahili hicho hakikuwa cha mashine ya kutafsiri. Kilikuwa Kiswahili cha Unguja, kilichonyooka kuliko chake. Akaanza kukumbuka mikutano mitatu aliyokaa nyuma ya mama huyo akimteta na Terry kwa sauti ya kawaida kabisa. Walimteta mkoba, walimteta miwani, walimteta namna anavyokunywa maji. Na mama yule hakugeuka hata mara moja.

Akampigia Gibson, mumewe. Alikuwa msimamizi wa jikoni hotelini, na visa ya familia nzima ilisimama juu ya kazi yake.

"Umesema wanakula? Ukataja na jina?"

"Nimetaja."

"Peni, umetumaliza. Si unamkumbuka Lawrence? Tusi moja tu kwa simu, wakamlaza ndani, kutoka huko ni airport moja kwa moja. Hii si Kenya. Kesho ukubali kila kitu. Piga magoti ikibidi."

Peninah aliogopa. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakujificha. Jioni ile aliwasha jiko akasahau kuweka sufuria. Kila lifti ya jengo ilipolia alidhani wamekuja kumchukua. Alimtazama Daisy akipaka rangi picha ya twiga, akawaza nani atamchukua shuleni mama yake akiwa selo, akaenda kujifungia bafuni alie bila kusikika.

Saa nne kamili Jumatano alikuwa kwenye mkahawa wa shule. Madam Saleha alikuwa peke yake, vikombe viwili vya chai ya karaki mbele yake.

"Karibu, mwanangu. Kaa kitako."

"Madam, naomba unisamehe..."

"Kaa kwanza. Mie mzaliwa wa Malindi ya Unguja. Nimekuja huku n'na miaka kumi na tisa. Watu wakiniona hivi hudhani sijui kitu, nami huwaacha waseme. Hayo ya mkoba yalinichekesha." Hakucheka. "Lakini hili la jana halichekeshi. Mabasi si ya mume wangu. Mume wangu keshakufa, Mungu amrehemu. Ni ya mwanangu, Azzam, baba yake Lamees."

Peninah alihisi kiti kinazama. Alikuwa amerusha jiwe gizani, na kumbe limempiga mtu usoni.

"Kuna mtu kaipeleka sauti yako kwake kabla hujaifuta. Toka jana kakaa na wakili. Anataka kwenda polisi leo adhuhuri. Nimemshika mkono, nimemwambia aningoje nizungumze na mzazi mwenziwe." Bi Saleha akasogeza kikombe pembeni. "Sasa nambie jambo moja tu. Matusi nimeyasamehe. Huyo mtoto, kweli aliachwa ndani ya basi? Shule haikutwambia kitu kwenye bodi. Azzam anasema ni uzushi wa kampeni. Nambie kweli. Kama ni kweli, mie mwenyewe nitakwenda kumuuliza mwanangu."

Jibu lilikuwa pale, mdomoni kwake. Alikuwa amelibeba tangu Septemba, na kwa ajili yake aligombea kiti. Lakini alimtazama mama yule na hakuona mama. Aliona wakili, polisi, selo, ndege. Nani anamuuliza mtu swali kama hilo ila kumtega? Akisema ndiyo, si atakuwa amerudia kosa lilelile mbele ya mwenye mashtaka? Na shahidi wake ni nani, mtoto wa miaka saba aliyekuwa usingizini?

"Hapana, mama," akasema. "Hakuachwa. Alichelewa kushuka tu. Labda aliota. Mimi ndiye niliongeza chumvi, kwa sababu ya kura."

Bi Saleha alimtazama. Kitambo kizuri alimtazama, na kuna wakati Peninah alidhani mama yule anangoja aseme tena. Hakusema.

"Alhamdulillahi," Bi Saleha akasema hatimaye, akafumba macho kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Hakuuliza tena. "Basi useme hivyohivyo kwenye kundi, kwa sauti yako, Azzam asikie. Khalas, yatakwisha."

Alisema. Alirekodi palepale mezani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: yeye Peninah, mama Daisy, anaomba radhi kwa Madam Saleha na familia yake, maneno yake hayakuwa ya kweli, mwanawe hakuachwa kwenye basi, na amejitoa kwenye uchaguzi. Kabla ya adhuhuri Azzam alikuwa amemwambia wakili aache. Gibson alimpigia akicheka na kulia kwa pamoja. Wazazi walimtumia emoji za mikono ya kushukuru na vikopa vyekundu. Terry peke yake hakuandika kitu.

Alasiri hiyo nyumbani, hofu ikiwa haijamtoka vizuri, alisikiliza sauti yake tena kwa spika kuhakikisha hakuna neno baya lililobaki ndani. Akaisikiliza mara tatu. Daisy alikuwa kwenye zulia na rangi zake, kimya, na Peninah hakumkumbuka.

Alhamisi asubuhi walishuka kungoja basi. Simu ilitetemeka mkononi mwake, kiungo cha kupigia kura kimefika, na jina la Peninah halimo. Daisy alikuwa amemshika vidole kwa nguvu kuliko kawaida. Basi lilikata kona ya jengo, likaja.

"Mama."

"Sema, mami."

"Nikilala tena kwa basi, na wakinifungia, nikuambie ama nisikuambie?"

Mlango ukafunguka. Mhudumu akanyoosha mkono, akamwita mtoto kwa jina, na Daisy akapanda ngazi huku akigeukageuka nyuma, bado anangoja kuambiwa.