Ndege Niliyoistaafisha Ubaoni

Kila mwaka nilipofika kwenye somo la usafiri wa anga, nilizichora ndege za shirika letu la ndege ubaoni kwa mpangilio uleule. Kushoto nilichora Rapide, yenye mabawa ya ghorofa mbili na kiwiliwili cha mbao kilichovikwa kitambaa kama turubai. Katikati nilichora Lodestar, ya bati tupu, yenye mikia miwili na uchu wa viwanja virefu. Kulia nilichora Dakota, pana na tulivu, yenye viti zaidi ya ishirini. Chini ya Rapide niliandika "imestaafu zamani", na chini ya Lodestar "imestaafu juzi". Chini ya Dakota sikuandika kitu. Ndiyo iliyokuwa ikitua Mbeya kila Jumatano na Jumamosi, na jambo lililo sawasawa halihitaji maelezo.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1953. Mke wangu, Tusekile, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga katika hospitali moja ya Iringa. Alitakiwa awe ameripoti Jumatatu asubuhi, na tuliambiwa waziwazi kwamba asiyefika siku hiyo nafasi yake itakwenda kwa mwingine. Nafasi kama ile mke wa mwalimu haipati mara mbili. Barabara ilikuwa imekatika Chimala, mto umepanda juu ya daraja, na malori yalikuwa yamelala huko wiki nzima. Ilibaki ndege ya Jumamosi tu.

Kwa bahati mbaya, ndege ya Jumamosi ilikuwa pia ya baba yangu, Mzee Asukile. Mdogo wangu Yotamu, aliyekuwa akiishi Mlandege huko Iringa, alikuwa akimbatiza mwanawe wa kwanza siku ya Jumapili, na alikuwa amemwahidi mzee kwamba atasafiri angani.

Hapo ndipo penye mzizi wa maudhi yote. Kwetu Unyakyusa, mwanamke hamwoni baba mkwe wake, wala baba mkwe hamwoni mke wa mwanawe. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huacha njia akaingia majanini mpaka mzee apite. Hata jina la mzee halitamki. Ukristo umetupunguzia mengi, lakini hilo halikuguswa. Tusekile alikuwa ameolewa nami kwa miaka mitano, na hakuwa ameuona uso wa baba yangu hata siku moja.

Nilitengeneza mpango. Mlango wa Dakota uko nyuma. Baba angepanda wa kwanza, akakaa kiti cha mbele kabisa, asigeuke. Tusekile angepanda wa mwisho, akakaa karibu na mlango, nyuma ya migongo ya watu wote. Iringa angeshuka yeye kwanza na kwenda zake. Nilimchorea kila mmoja ramani ya viti. Nilikwenda Rungwe mara kadhaa kumshawishi baba, aliyeniuliza maswali kama hakimu, kisha nikarudi Mbeya kumshawishi Tusekile, ambaye hakuuliza swali lolote, jambo lililo gumu zaidi. Mwishowe wote wawili wakakubali. Walikubali Dakota.

Jumamosi hiyo tukafika uwanjani mapema. Nilimweka Tusekile nyuma ya banda la abiria, chini ya mikaratusi, na baba nikamweka mbele. Alikuwa amekuja na mkungu wa ndizi, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na koti zito ambalo watu wa kijiji kizima walikuwa wamemwazima kwa sharti kwamba arudi na habari. Ngurumo ikasikika upande wa mlima Loleza. Nikatazama juu, nikaona mabawa ya ghorofa mbili.

Karani wa uwanja alikuwa Isihaka, kijana wa hapo mjini ambaye babu zake walitoka pwani, na ambaye hakupata kuharakishwa na jambo lolote duniani. Nikamwendea.

"Isihaka, hiyo ni Rapide."

"Macho yako mazima, Mwalimu."

"Rapide zilikwisha kustaafu."

"Zilistaafu wapi?"

"Nimewafundisha watoto hivyo."

"Basi hii haikuhudhuria darasa," akasema. "Dakota iko Nairobi, inabadilishwa injini. Tumeletewa bibi huyu. Shukuru Mungu, angalau anaruka."

"Ina viti vingapi?"

"Vinatosha. Kimoja kushoto, kimoja kulia, na katikati unapita kwa ubavu. Ukipiga chafya nyuma, rubani anakuombea afya."

Nikazikunja ramani zote mbili za viti nilizokuja nazo, nikazitia mfukoni. Baba naye alikuwa amekwisha kuiona. Akamwita Isihaka kwa Kiswahili chake cha milimani.

"Karani, ndege yangu iko wapi? Hii kidogo hii ni mtoto yake?"

"Hii ni mama yake, mzee wangu. Njoo upimwe."

Ikabidi nielewe jambo jingine nililokuwa nimelifundisha bila kulitafakari: ndege ndogo ikipanda kutoka nchi ya juu kama Mbeya hubeba uzito mdogo tu, hivyo kila abiria hupimwa kwenye mizani kama gunia la kahawa, na rubani ndiye apangaye nani akae wapi. Rubani, Mzungu mwembamba mwenye kaptula, alimtazama baba, akaitazama mizani, akasema, "Mzee, mbele. Kuku hapana. Ndizi hapana. Haraka, wingu nakuja."

"Na mwanamke niliyemwandikisha?" nikauliza.

"Mwepesi," akasema Isihaka. "Atakaa nyuma ya mzee wako, upande wa pili. Pale pale."

Pale pale, maana yake ni hatua moja. Nilimweleza baba kwa Kinyakyusa, kwa upole, hoja baada ya hoja. Nilisema kwamba ubatizo unaweza kuahirishwa, lakini shule haiahirishwi. Kwamba ndege ya Jumatano ingekuwa Dakota, kubwa, yenye heshima inayolingana na umri wake.

"Jailos," akasema, "nimeagwa na kijiji kizima. Mama yako mdogo amelia. Sasa nirudi jioni hii na koti la watu, niwaambie nimeona ndege kwa chini?"

"Baba, ni suala la siku nne."

"Basi mkwe wangu apande. Mimi nimebaki."

"Asante, baba."

"Nimebaki," akarudia, na hakuondoka kwenye mizani. Alikuwa ameikalia kama kigoda, amemkumbatia jogoo, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kupimwa.

Nikazunguka banda hadi kwa Tusekile. Alikuwa amesimama kwa utulivu, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kamba vya kahawia ambavyo nilivipiga rangi mwenyewe alfajiri ile. Nikamwambia kwamba mzee amekubali kubaki.

"Amekubali au amenuna?"

"Amekubali kwa kununa."

"Mwalimu, nikimshusha baba mkwe kutoka kwenye ndege, nitarudi kwa watu gani? Nitakwenda kuzalisha wanawake wa nani? Jina langu litakuwa wimbo wa kila kisima."

"Basi pandeni wote. Ujifunike khanga, utazame dirishani."

"Na kisogo chake? Kisogo nacho si baba mkwe?"

"Kwa hiyo unataka kubaki?"

"Sikusema nataka kubaki," akasema Tusekile, na macho yake yakaenda kwenye sanduku lake, lililokuwa limekwisha kupelekwa kwenye ndege.

Nikarudi kwa baba. Nikarudi kwa Tusekile. Hawakuweza kusemezana, hivyo mimi nilikuwa ulimi wa wote wawili, na kila nilipozunguka banda lile maneno yalifika yamepoa na kuwa magumu zaidi. Nimefundisha darasa la watoto sitini bila kupandisha sauti. Siku hiyo watu wazima wawili, wote wenye adabu kuliko kawaida, kila mmoja akimpisha mwenzake na hakuna aliyesogea, walikaribia kunitoa machozi.

Kando ya banda alikaa Mwanakhamisi, mfanyabiashara wa vitambaa sokoni Mbeya, ndani ya buibui lake jeusi, juu ya mzigo wake. Alikuwa akisafiri kwa ndege ileile.

"Mwanangu Mwalimu," akaniambia nilipompita kwa mara nyingine, "utatoboa ardhi. Kakae."

"Siwezi kukaa, mama. Hakuna anayenielewa."

"Wanakuelewa sana. Wewe kakae."

Sikukaa. Nilikwenda kumweleza rubani misingi ya desturi zetu, naye alinisikiliza huku akitazama wingu. Nilipozunguka tena hadi kwenye mikaratusi, Tusekile hakuwapo. Nikachungulia chooni kwa kuita tu, nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Mwanakhamisi alikuwa akielekea kwenye ndege pamoja na jamaa yake mwingine mwenye buibui, uso umefunikwa, akikwea ngazi kwa viatu vya kamba vya kahawia. Niliviona viatu vile. Nilivitazama, nikaendelea kumtafuta mke wangu.

Niliporudi bandani, Isihaka alikuwa ameinama mbele ya baba.

"Mzee wangu, nakuambia yaliyomo ndani. Kuna bwana mmoja wa migodi ya Makongolosi. Kuna bwana mifugo. Kuna mama wawili wa Kiislamu, wamejifunika, ndio wa nyuma. Mkwe wako humwoni."

Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Simwoni," akasema polepole.

"Humwoni kabisa."

Baba akainuka kwenye mizani, akanikabidhi jogoo, akafunga vifungo vya koti la watu mpaka shingoni, na kutembea kuelekea ndegeni akiangalia mbele, kama aliyefungwa ubao shingoni. Aliingia, akapita. Mlango ukafungwa.

Nikaona kiti cha mke wangu kikiondoka kitupu. Uvumilivu wangu ukaisha. Nilikimbia mbele ya ndege, jogoo kwapani, nikipunga mkono na kumwita Tusekile kwa sauti ambayo wanafunzi wangu hawakupata kuisikia. Isihaka akanishika koti kwa nyuma.

"Mwalimu, ulisomea wapi?"

"Mke wangu ameachwa."

"Aliyeachwa ni wewe. Wale mama wawili, mmoja nimemkadiria uzito kwa macho, maana mizani ilikuwa imekaliwa, na ameniamkia kwa Kinyakyusa. Mwanakhamisi hasafiri na buibui moja; asubuhi moja ya vumbi la Mbeya inamtosha kulibadilisha. Na viatu vile nani kavipiga rangi?"

Rapide ikatetemeka, ikakimbia, ikainuka mwishoni kabisa mwa uwanja. Kwenye dirisha la nyuma niliona kitambaa cheusi na mkono ukipunga. Nikabaki na jogoo, mkungu wa ndizi, na ramani mbili za viti vya Dakota.

Jumatatu Tusekile aliripoti. Baba alikaa Iringa majuma mawili, akarudi kwa Dakota. Nilimpokea uwanjani nikitarajia sifa.

"Kubwa mno," akasema. "Watu wengi, hakuna anayemjali mwenzake. Ile ndogo ilikuwa na adabu. Nilisafiri na mama wa pwani wawili. Mmoja alitapika kuanzia juu ya Chimala, maskini, na kila akimaliza aliomba radhi."

"Kwa lugha gani, baba?"

"Mimi nilitazama mbele kama nilivyoagizwa." Akachukua fimbo yake. "Lakini ukipata nafasi ya kumfikishia maneno, mwambie akimaliza shule yake ya ukunga aje kwetu Rungwe. Wanawake wetu wanateseka."

"Umejuaje kwamba mama wa pwani usiyemfahamu anasomea ukunga?"

"Jailos, wewe unauliza sana," akasema baba. "Ndiyo maana ndege inakuacha. Jogoo wangu yuko wapi?"