Kitambaa Kilichomfuata Fundi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, wanawake saba wa kikundi cha matembezi walisimama mbele ya jumba la tatu la sanaa wakimsubiri Mwenyekiti ahesabu watu wake. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, na alihesabu kwa kugusa kila bega, kama wodini. Mwezi uliopita alikuwa amewapeleka kuona kiwanda cha sabuni. Safari hii ilikuwa zamu ya sanaa ya kisasa. Katika jumba la kwanza walikuta viti vimegundishwa darini. Katika la pili walikuta chumba kitupu, ambacho wifi yake Fundi alikisifu sana kwa kufagiliwa vizuri.

Fundi mwenyewe hakuwa na raha. Ni mtu asiyejua kukaa, hata chakula hula amesimama, lakini siku hiyo alizidi. Alitangulia, akarudi, akauliza saa, akatangulia tena. Kikundi kizima kilijua kinachomsumbua. Miezi mitano nyuma, Msanii alimletea magunia ya sare kuukuu za kazini, akamwambia aziunge ziwe pazia la ukumbi. Fundi alishona wiki kumi na moja mpaka macho yakamwasha. Halafu siku aliyompeleka mama mkwe wake hospitali, Msanii alikuja na gari akalichukua pazia lenyewe, hata bandi hazijatolewa, zile nyuzi nyeupe za kushikiza ambazo fundi huzing'oa kazi ikiisha. Baadaye Fundi akaliona gazetini, limeitwa sanaa.

"Nataka kuona kama wameniandika jina," alisema mlangoni.

"Wakuandike wapi, wifi yangu? Kwenye pindo?"

Kitambaa cha lile pazia kilijaza ukuta mzima. Pembeni yake palikuwa na kadi yenye jina la Msanii kwa herufi nene. Fundi aliisoma kadi, akainama akachungulia nyuma yake, isije ikawa wameandika huko. Hakukuwa na kitu. Roho ikamuuma, akageuka kwenda chumba cha pili.

Kitambaa kikajichomoa kwenye misumari, mmoja baada ya mwingine, kikateremka, kikamfuata. Kilikwenda polepole kwa sababu ya uzito.

"Kimekujua," wifi alisema.

"Hakijatolewa bandi. Kinadhani bado namalizia."

Mlinzi alisogea. "Mama, kazi ya sanaa haitoki bila fomu."

"Kiambie chenyewe."

Mlinzi akakiambia. Hakikusikia. Walikitundika, kikashuka. Walikitundika tena, na Fundi akatoka nje haraka, lakini kikamkuta kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Madereva walipiga honi kwa kuwa kilichelewa kuvuka. Pikipiki moja haikusubiri, ikapita juu ya ukingo, ukachanika kipande cha mkono mzima. Fundi alipiga kelele kama aliyekanyagwa yeye. Alikiokota kwa mikono miwili, akakikung'uta matope, akakirudisha ndani huku akitukana kimoyomoyo.

Msanii aliitwa, akaja na miwani juu ya kichwa.

"Nipe mkasi na nusu saa," Fundi alimwambia. "Nikitoa bandi kitatulia, mimi nitaenda zangu. Halafu niandike jina langu pale chini. Hata kwa herufi ndogo."

"Bandi hazitoki, mama. Hizo ndizo watu wanazokuja kuziona." Alimwonyesha gazeti. Mtaalamu mmoja alikuwa ameandika kwamba nyuzi zile nyeupe ni kidonda cha jamii kinachokataa kupona.

"Si kidonda. Ni wewe ulichukua kazi sijamaliza."

"Ndiyo uzuri wake."

"Na jina?"

"Tutaliangalia."

Hasira zilimpanda Fundi mpaka masikio yakapata moto. Angeweza kuondoka, lakini ule mpasuko aliuona, na alijua kule nje kuna pikipiki ngapi. Dada wa mapokezi akaleta kiti, akakiweka chini ya ukuta. "Leo tu, mama," alisema. Fundi akakaa. Kitambaa kikapanda, kikajishika kwenye misumari yake, kikanyooka. Mwenyekiti alikuwa na jumba la nne kwenye ratiba, kwa hiyo alimwandikia Fundi udhuru, akaondoka na waliobaki.

Leo tu ikawa kesho, kesho ikawa wiki. Fundi alifika saa tatu asubuhi na kuondoka saa kumi na moja, kitambaa kikishafungiwa kwa kufuli tatu. Mkasi aliokuja nao ulizuiwa mapokezi, ukakaa kwenye droo. Wateja wake wa magauni wakatafuta fundi mwingine.

Mwezi uliofuata kikundi kiliamua kwenda kumwona. Walimkuta palepale kitini, amekonda kidogo, miguu ikikanyaga sakafu mbiombio kana kwamba kuna cherehani. Watu wawili wageni walikuwa wamesimama mbele yake wakimtazama, vichwa upande. Wifi alikwenda moja kwa moja kwenye kadi. Jina la Msanii lilikuwa bado lile lile, na chini yake walikuwa wameongeza mstari.

"Wameandika nini?" Fundi aliuliza. Kutoka kitini alikuwa haioni, na akisimama tu, misumari huanza kulegea.

Wifi akasoma kwa sauti: "Pamba, uzi, fundi."

Miguu ya Fundi ikaongeza mwendo.

"Umekondeana, wifi yangu," wifi alisema, utani wote umemtoka. Aliona kitambaa cha kichwani cha Fundi kimeteleza, akanyoosha mkono amfunge vizuri.

"Samahani, mama," mlinzi alisema kwa upole. "Kazi ya sanaa haiguswi."

Wifi akaurudisha mkono, akaomba radhi, akasogea nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni, waliposimama wale wengine.