Chumba Kifuani

Fundi cherehani alivua blauzi, akakibandika kifua kwenye ubao baridi wa eksirei, akaambiwa avute pumzi na asiitoe. Kwa mtu aliyekohoa tangu mvua za kwanza, kushona suti nzima kulikuwa rahisi zaidi. Akajikaza.

Picha ilipotoka haikuwa na mapafu. Ilikuwa na chumba chake: ndoo ya maji, cherehani kando ya jiko, yeye mwenyewe kitandani, binti yake kwenye godoro la chini, na dirisha lililozibwa matofali siku mwenye nyumba alipojenga chumba kingine ubavuni.

Daktari aliiinua kwenye mwanga. "Hapa ndipo mnapolala?"

"Ndipo."

"Hewa inapitia wapi?"

"Mlangoni, daktari. Tukifungua."

Daktari aliguna, akamwandikia dawa za miezi sita. Mpango wa taifa wa kutokomeza kifua kikuu ulizitoa bure, na ulikuwa na vidonge vya kila namna isipokuwa vya madirisha.

Picha ilipelekwa kwenye kamati ya kutokomeza, ambayo mwenyekiti wake alipenda kuona mifano hai. Mwenyekiti huyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na kuta zake alizijua. Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa fundi.

"Mama, nani kakuruhusu kupiga picha nyumba yangu?"

"Nilipigwa kifua, mzee."

"Kifua ni chako, sikatai. Kuta zangu zinatafuta nini humo?"

Fundi alifikiri. "Labda ziliingia na vumbi. Unisamehe." Kisha, kwa kuwa mzee alishafika, akauliza kama wangeweza kutoboa japo tundu dogo.

"Utoboe chumba cha mwenzio? Nyuma ya hapo analala mpangaji."

Basi yakaisha. Fundi akameza dawa zilizomgeuza mkojo rangi ya chungwa, binti akimsimamia kila asubuhi kama askari wa zamu.

"Zimepita, mama?"

"Zimepita."

"Panua mdomo nione."

Mashavu yakamrudi, blauzi ikaanza kumbana, wateja nao wakarudi. Dozi ilipokwisha, akasimama tena kwenye ule ubao, na safari hii pumzi ikakaa bila kumsumbua.

Kwenye picha mpya chumba kilikuwa kilekile, na matofali yalikuwa bado dirishani. Kitandani fundi hakuwamo. Alilala binti, ameupa mlango mgongo, ngumi mdomoni ili kikohozi kisisikike.

"Hongera," daktari alisema. "Umepona kabisa. Wewe humu huonekani."

"Huyo ni mwanangu."

"Namwona. Mlete, lakini apigwe yake. Hii ni ya kwako, tumeshaifunga."

Kwenye ukumbi wauguzi walimpigia makofi, kama walivyompigia kila aliyepona. Fundi akawashukuru mmoja mmoja, akamalizia vifungo vya blauzi, akaenda kumchukua binti yake wawahi foleni.