Nyuzi Arobaini Zaidi

Bibi Shamba alisema atafika saa nne, lakini tangu saa mbili nilikuwa nachungulia mlangoni. Kwenye benchi la karakana vililala visu viwili vya kukunja, kazi ya siku sita ya mimi na Baba Mdogo. Vililingana urefu, unene, hata mlio wa kufunguka. Tofauti ilikuwa chuma.

Cha mpini wa kahawia kilikuwa cha chuma cha Baba Mdogo: hakishiki kutu, kinanoleka upesi, amekitumia miaka ishirini. Cha mpini mweusi kilikuwa changu. Nacho hakishiki kutu, ila kina kaboni nyingi zaidi, kwa hiyo makali yake hudumu. Nilikisoma chuoni, nikamsumbua nacho Baba Mdogo mpaka akanunua kipande kimoja, ili tu ale chakula chake kwa amani.

"Sikiliza, msomi," alisema akifuta benchi. "Mama huyu anataka visu thelathini vya kitaluni kwake. Akichagua chako, kuanzia leo chuma cha karakana hii utachagua wewe. Akichagua changu, utaacha kunihubiria."

"Sawa, Baba Mdogo."

"Sauti imekwenda wapi? Na chuma unapiga soga kutwa nzima, ukija mtu unakuwa bubu."

Nilicheka chinichini. Hakunisingizia.

Bibi Shamba aliingia na fungu la vijiti vibichi kwapani na kinoo mfukoni. Watu wake hubebesha miche: hukata kijiti cha mti mzuri na kukipachika kwenye mche mwingine. Mkato ukichanika, kijiti hakishiki, na kazi yote imekwenda na maji. Nilimwamkia, akaitikia huku keshakaa kwenye stuli.

"Nani anahesabu?"

"Mimi, mama."

Alianza na cha kahawia. Mikato ilitoka safi, hamsini, tisini, mia. Kwenye mia moja na thelathini gome likaanza kuchanika, akakiweka chini. Akachukua cheusi. Mia ilipita. Mia na hamsini ikapita. Nilikuwa nahesabu kwa kunong'ona, lakini nilipofika mia mbili na arobaini nilikuwa nimeshapaza sauti mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia mlangoni.

"Kuna nini humo, mnada?"

"Nyamaza, utampotezea hesabu," Baba Mdogo akamkemea. Naye alikuwa amesimama.

Mia tatu. Vijiti vikaisha, na mkato wa mwisho uling'aa kama wa kwanza. Nilitamani kuruka.

Bibi Shamba akatoa kinoo. "Watu wangu hunoa wenyewe, wamechuchumaa kwenye matope. Tuone." Cha kahawia kilirudi kwa kusuguliwa mara kumi tu. Cheusi alikisugua, akakisugua, mpaka jasho likamtoka. Kisha akapitisha ukucha kwenye makali. "Hapa karibu na ncha pamemeguka. Kadogo tu."

Niliangalia, nikajua mara moja. Bapa la kisu likishapashwa moto mkali na kuzimwa kwenye mafuta, hupashwa tena kwa moto mdogo ili lisiwe gumu la kumeguka. Baba Mdogo hupasha mabapa yote kwenye sinia moja, kwa moto mmoja, asiwashe tanuri mara mbili. Chuma changu kilihitaji nyuzi arobaini zaidi za joto. Nililijua hilo siku ileile ya kupasha. Niliona haya kumwomba awashe tena kwa ajili ya bapa langu moja.

"Hata hivyo mia tatu si mchezo," Bibi Shamba akasema. "Nachukua cheusi. Watajifunza kunoa."

Baba Mdogo akaninyooshea mkono. "Haya, umenibwaga."

Nilikuwa nimeshinda. Sikuupokea ule mkono. Nilimwona akilini mtu nisiyemjua kwenye matope, anasugua na kusugua, kisha anachana gome kwa ncha iliyomeguka na kudhani mkono wake ndio mbaya.

"Usikichukue, mama," nikasema. "Hakijaiva. Kosa ni langu." Nikaeleza yote, macho kwenye sakafu.

"Uliogopa kuniambia niwashe tanuri?" Baba Mdogo akauliza. "Kwani mimi nang'ata?"

"Ulikuwa umechoka."

"Ningenung'unika. Halafu ningewasha."

Bibi Shamba alikuwa ananitazama mimi. "Itachukua muda gani?"

"Saa mbili kwenye tanuri, na kunoa upya. Ila hakitafika mia tatu tena. Labda mia mbili na nusu."

"Nitarudi saa nane na vijiti vingine. Kikimeguka tena, nachukua vya kahawia."

Baba Mdogo mwenyewe alifungua skrubu za mpini. Mimi nilipandisha moto kwa nyuzi arobaini kamili juu ya ule wa kwanza. Saa nane tulikuwa tayari. Nilihesabu kwa sauti tangu kijiti cha kwanza. Gome lilichanika kwenye mia mbili sitini na mbili. Kisha kinoo: kumi, kumi na tano, ishirini, na makali yakarudi. Bibi Shamba akapitisha ukucha taratibu, mara mbili, pande zote.

"Thelathini," akasema. "Vya chuma hiki."

Alipoondoka, Baba Mdogo alitoa sinia la pili kabatini, akaliweka kando ya lile la zamani.

"Kesho tunawasha mara mbili. Yaanze mabapa yapi?"

"Yangu," nikasema, na fundi viatu kule nje akanisikia.